Joko la Mawifi

Wifi yake Mama Gurudumu alikuwa na tabia ya kuimba puani akifinyanga. Haukuwa wimbo wenye maneno, wala hakuna aliyejua ulianzia wapi. Ulikuwa mlio mwembamba kama wa nzi aliyenaswa kwenye pazia, ulioanza pale tu mikono ilipogusa udongo na haukukoma mpaka ilipooshwa. Mama Gurudumu, aliyefanya kazi upande wa pili wa chumba hichohicho, alikuwa amejifunza kuvumilia moshi, vumbi, maumivu ya kiuno na wateja wasiojua wanachotaka. Wimbo ule ulimshinda. Akilizungusha gurudumu lake kwa kasi ili mngurumo uufunike, wifi naye alipandisha sauti, na hapo karakana nzima ilivuma kama mashine ya kusaga nafaka. Mpita njia asingedhani kwamba mle ndani mna wanawake wawili watu wazima wanaotukanana bila kufungua midomo.

Jina la Mama Gurudumu alibandikwa na mtaa. Alipoolewa kwenye familia ile alikuja na sanduku la nguo na ujuzi alioupata chuoni, wa kufinyanga kwa gurudumu. Huko alikoolewa hawakulijua gurudumu. Mama mkwe na binti yake walikunja udongo kama kamba nene, wakauzungusha mzingo juu ya mzingo, kisha wakausugua kwa kokoto laini mpaka ukateleza, na mitungi yao ilijulikana mbali. Siku gurudumu liliposhushwa mlangoni, mama mkwe alilizunguka, akaligusa kwa ncha ya kidole, akasema, "Hii ni cherehani." Binti yake, yaani wifi mtu, alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe baadaye alisahau neno lake, hata akawa anakunywa chai kwenye kikombe kilichotoka kwenye cherehani hiyo. Lakini kile kicheko Mama Gurudumu alikitunza, na kila alipokikumbuka kilikuwa kibichi kama siku ile.

Aliyekuwa upande wake ni mumewe. Yeye hakuwa mfinyanzi, alikuwa mwashi. Ndiye aliyejenga joko la kuchomea vyombo nyuma ya karakana, joko kubwa lenye kimo cha mtu, tumbo pana na bomba la moshi lililopita paa. Alilijenga hivyo makusudi ili lipokee mitungi ya mama na dada yake pamoja na vikombe na sahani za mkewe kwa mkupuo mmoja. Labda alidhani vyombo vikipatana, watu nao watapatana. Mama yake akafa. Kisha yeye mwenyewe kifua kikamshika, akakonda, akakohoa msimu mzima wa baridi, akaenda.

Baada ya mazishi, baba mdogo wa marehemu aliwakalisha mawifi wawili sebuleni. Alisema karakana ni ya familia, haiuzwi na haigawanywi, na wao wafanye kazi pamoja kama zamani.

"Ninyi sasa ni kitu kimoja," alisema.

Kisha akarudi kwake, mbali, ambako hakukuwa na wimbo wa kumkera.

Joko ndilo lililowafunga. Lilikuwa na ulafi: ulijaze, usilijaze, lilikula kuni zilezile. Kwa hiyo wanawake ambao salamu zao ziliishia kwenye "hm" walilazimika kupanga vyombo vyao ndani ya tumbo moja, ubavu kwa ubavu, na kukesha zamu kuulisha moto mmoja.

Wakati wa kiangazi wifi ndiye aliyeteseka zaidi. Mtungi mkubwa hutaka kukauka polepole, mwili mzima kwa pamoja. Shingo ikitangulia na tumbo likabaki bichi, unapasuka. Wifi aliifunika mitungi yake kwa magunia yaliyolowa, akafunga dirisha, akafanya kazi humo akitiririka jasho. Vikombe vya Mama Gurudumu havikuhitaji dirisha lifungwe. Siku wifi alipokwenda hospitali kumwangalia mgonjwa, Mama Gurudumu alilifungua. Alijiambia anataka hewa, lakini alijua vizuri anachofanya, maana kabla ya kulifungua aliyasogeza magunia.

Upepo wa moto ukaingia. Wifi aliporudi, mitungi yote ya dirishani ilikuwa na nyufa.

"Nani kafungua dirisha?"

"Mimi. Kulikuwa na joto."

"Joto."

"Ndiyo, wifi. Joto."

Wifi alipitisha kidole kwenye ufa mmoja kutoka shingoni hadi chini. Kisha akaichukua mitungi mmojammoja, akaibonda, akatumbukiza mapande yake kwenye pipa la maji ili yarudi kuwa udongo. Alianza kuimba.

"Asante, wifi," alisema bila kugeuka. "Pipa langu lilikuwa tupu."

Mama Gurudumu aliona bora angetukanwa.

Siku chache baadaye, akiwa kwenye gurudumu, kiganja kilimuuma ghafla. Alisimamisha, akakifungua: damu. Udongo wa gurudumu lazima uwe laini kama siagi, kwa sababu unapita mkononi kwa kasi, na changarawe moja hukata kama wembe. Wake ulikuwa umejaa changarawe.

"Udongo wangu umeingia mchanga," alisema hewani.

"Labda ni upepo," wifi alijibu. "Dirisha lilikuwa wazi."

Kati yao alikuwepo binti. Alikuwa mtoto pekee wa Mama Gurudumu, msichana mkubwa aliyemaliza shule, mwenye mabega ya baba yake na maneno machache. Mama alimkalisha kwenye gurudumu tangu miguu yake ilipofika chini. Haikusaidia. Udongo ulimruka, ukampiga kifuani, ukaangukia ukutani. Lakini akikaa na shangazi yake, mikono ileile ilitulia. Alikunja udongo akauzungusha, na chombo kikapanda chini ya vidole vyake bila haraka, kana kwamba kilikuwa kikimngoja. Mama Gurudumu alijifanya haoni. Baadaye ikawa haiwezekani kutoona, kwa sababu kigoda cha binti kilikuwa kimehamia ng'ambo.

"Unakwenda upande ule kufanya nini?" alimuuliza.

"Kufinyanga, mama."

"Na huku tunafanya nini, tunakaanga?"

Binti alicheka kidogo, akaendelea na njia yake. Kutoka ng'ambo wimbo wa puani ulisikika ukipanda, na safari hii ulikuwa na furaha ndani yake, jambo lililokuwa baya zaidi.

Masika yalipokuja hakuna kilichokauka. Kuta zilitoka jasho, vyombo vikakaa kwenye rafu vikiwa vya kijivu na vizito, na matope yalifika hadi kizingitini. Katika msimu huohuo mwenye hoteli mmoja alileta kazi kubwa: vikombe na sahani kutoka kwa Mama Gurudumu, na mitungi ya kupanga kwenye veranda kutoka kwa wifi. Alitaka vyote kwa pamoja kabla ya kufungua jengo lake jipya. Alikuwa mtu wa kutazama saa hata wakati anasalimiana.

Siku ya kulipanga joko ilipofika, wifi alikumbatia mtungi mmoja, akauegemeza shavuni. Akatikisa kichwa.

"Bado."

"Bado nini?"

"Una maji. Njoo uweke shavu hapa. Ni wa baridi. Ubaridi huo ni maji."

"Kila kitu ni cha baridi. Mvua inanyesha."

"Tusubiri."

"Mwenye hoteli hawezi kusubiri shavu lako lipate joto."

Hapo binti, aliyekuwa akibeba kuni, alisema taratibu, "Mama, shangazi anasema kweli. Hata mimi nimeigusa."

Kama binti asingesema lolote, huenda Mama Gurudumu angesubiri. Yeye mwenyewe alikuwa mfinyanzi. Alijua kwamba maji yaliyojificha ndani ya udongo mnene hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia huitengeneza. Lakini kumsikia mwanawe akishuhudia upande ule kulimpanda kichwani.

"Leo linawashwa," alisema. "Mwenye mitungi mibichi na abaki nayo, amweleze mwenye hoteli."

Wifi alimtazama kwa muda. Akainua mabega.

"Haya. Washa."

Akaiingiza mitungi yake yote, mmoja baada ya mwingine, akaipanga katikati kabisa, mahali ambapo vikombe viliizunguka pande zote.

Moto ulikuwa bado mdogo, wa kukaushia tu, kishindo cha kwanza kiliposikika. Kilikuwa kama mlango uliobamizwa ndani ya ardhi. Wote watatu walisimama. Kikafuata cha pili. Mama Gurudumu hakukubali moto uzimwe. Alisema labda ni mmoja tu, labda ni pembeni, akaendelea kulisha kuni. Walipolifungua joko lilipokwisha poa, vigae vya mitungi vilikuwa vimetawanyika kila rafu. Rangi ya kung'arisha iliyopakwa vikombe ilikuwa imeyeyuka na kuvidaka vigae hivyo, vikagandia humo daima, vimechomoza kama meno.

"Ulijua itapasuka ukaiingiza," Mama Gurudumu alisema.

"Nilikwambia ina maji."

"Uliniambia ili baadaye useme uliniambia. Ukaipanga katikati ya vitu vyangu."

Wifi alicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha siku ya cherehani, ila sasa kilikuwa kimezeeka. Kisha kikakatika.

"Ndivyo ulivyo," alisema. "Hata kaka yangu ndivyo ulivyomfanya. Kifua kinambana, wewe unamwambia aongeze kuni. Amekaa hapahapa anameza moshi kwa ajili ya vikombe vyako. Joko hili ndilo lililomla, na aliyekuwa akimsimamia ni wewe."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Mama Gurudumu alishika ukingo wa mlango wa joko. Alichokisema hakukitafuta. Kilikuwa kimekaa tayari mdomoni, pengine kwa miaka.

"Na wewe, kwa makelele yako yote, tumbo lako halijaleta hata mmoja. Ndiyo maana unaiba wa wenzako."

Binti alikuwa nyuma yao na kikapu cha kubebea vyombo. Alikiweka chini, akatoka kwenye mvua bila kujifunika. Jioni hiyo alihamisha nguo zake kutoka chumbani kwa mama yake, akavuka ua hadi kwenye chumba cha shangazi. Mama Gurudumu alimwona dirishani akipita na godoro kichwani. Mwenye hoteli alinunua vyombo vya kiwandani.

Baridi ilipoingia, hakukuwa tena hata ile "hm" ya asubuhi. Wakitaka kuelezana jambo walimtumia binti. "Mwambie mwenzio kuni zake zimenizibia njia." "Mwambie huyo aliyekutuma kwamba njia ni ya familia." Binti alivumilia siku kadhaa, kisha akasema, "Mimi si posta," na tangu hapo kuni zilibaki zimeziba njia na Mama Gurudumu akawa anapita ubavu.

Msimu huo vidole gumba vyake vilianza kuvimba. Maji ya baridi yaliingia kwenye viungo yakakaa. Kazi ya gurudumu huanza kwa kulitia donge katikati, ulibane kwa viganja mpaka liache kuyumba, na kama huwezi hilo, mengine yote ni bure. Sasa alibana, donge likayumba. Akasimamisha, akapasha mikono kwenye kopo la maji moto, akarudi. Gurudumu likanguruma, likanyamaza, likanguruma, likanyamaza. Ng'ambo, wimbo ulikatika.

"Gurudumu limechoka," wifi alisema kuuambia mtungi wake, "au mwenyewe?"

Binti alisema kwa sauti ya chini, "Shangazi, acha."

Huruma hiyo ya binti ilimuuma Mama Gurudumu kuliko viungo.

Siku moja wote wawili walipokuwa wametoka, alivuka kwenda upande wa pili. Mtungi mkubwa alioujua kuwa ni wa binti ulisimama kwenye kona, umefika kiunoni mwa mtu, bado haujachomwa. Aliuzunguka. Alipapasa tumbo, akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akainama kuangalia kitako. Alitafuta kosa akalikosa. Tena mdomo wake ulikunjwa nje mwembamba, kwa namna ambayo mama mkwe hakuijua na wifi hakuiweza. Ulikuwa mdomo wa vikombe vyake yeye. Binti alikuwa ameuchukua bila kuomba na kuupeleka kule. Mtu mwingine pengine angefurahi. Mama Gurudumu alirudi kwenye kigoda chake akihisi ameibiwa mara ya pili.

Kiangazi kiliporejea, asubuhi moja alitoka na mtaimbo wa marehemu, akaegemeza ngazi kwenye joko, akapanda, akaanza kung'oa matofali ya bomba.

Wifi alitoka mbio, mikono imejaa udongo. Binti alikuja nyuma yake.

"Unafanya nini?"

"Nachukua changu. Mume wangu ndiye aliyelijenga. Nusu ni yangu, najenga langu dogo, nachoma ninapotaka na ninavyotaka."

"Mama," binti alisema, "ukilibomoa, mitungi itachomwa wapi?"

"Mwulize shangazi yako."

Binti akamgeukia shangazi, na uso wake ulionyesha wazi anachongoja: kwamba mtu mmoja kati ya hawa wawili atasema neno moja la maana. Wifi alisimama akilitazama joko, kisha ngazi, kisha mwanamke aliyekuwa juu yake. Tofali moja likaanguka, likavunjika miguuni pake.

"Usiyatupe," wifi alisema. "Yakivunjika hayatufai, si wewe si mimi. Nishushie nipokee."

Basi wakalibomoa pamoja. Mama Gurudumu aling'oa, wifi akapokea, akakwangua chokaa, akapanga mafungu mawili. Moja lako, moja langu. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Hakuna aliyemwelekeza mwenzake, kila mmoja alijua mkono wa mwingine utakuwa wapi. Walipofika ndani ya bomba walikuta masizi mazito yaliyoning'inia kama matambara. Wifi aliyashika, yakamvunjikia mkononi.

"Alikuwa akiniambia nisikae karibu na moshi," alisema.

"Hata mimi aliniambia hivyohivyo," alisema Mama Gurudumu.

Wakaendelea kung'oa na kupokea, mmoja juu, mmoja chini.

"Hilo ni langu," wifi akasema, akionyesha tofali. "Umeliweka kwako."

Kila mmoja alijenga joko lake, dogo, kwenye ncha yake ya ua, milango ikiwa imepeana visogo. La Mama Gurudumu lilikuwa zuri kwa vikombe. Alilijaza kwa kazi yake peke yake, na kwa kuwa vidole gumba vilikuwa vimepata nafuu na joto, alijikuta anafanya kazi nyingi na nzuri kuliko misimu yote iliyopita. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Wifi ilimbidi aache mitungi mikubwa. Alitengeneza midogo, yenye kimo cha kuku aliyesimama, mifupi ya shingo na mipana ya mabega, kama watu waliofungiwa chumbani. Wateja waliipenda. Yeye hakuipenda. Aliiuza bila kuitazama.

Mtungi wa binti haukuingia popote. Ulibaki kwenye kona, mkavu na mtupu, na chombo ambacho hakijaona moto ni udongo tu uliopewa umbo: kikipata maji kinarudi tope. Binti hakulalamika. Kwa jumla hakusema mengi msimu ule. Alipata nafasi kwenye karakana moja ya mji mwingine, ambako walikuwa na joko kubwa na walihitaji mtu wa mitungi. Siku moja kabla ya kuondoka aliumwagia mtungi wake maji mwenyewe, akaungoja ulegee, akaukanda ukawa donge, akalifunika kwa nailoni. Shangazi alimwomba amwachie. Mama naye, kwa mara ya kwanza akimwomba kitu, alimwomba amwachie. Binti akalikata donge kwa uzi katikati, akampa kila mmoja kipande.

Kituo cha mabasi walikwenda wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wakasimama mbalimbali kama wasiojuana. Binti alimkumbatia mmoja, akatembea, akamkumbatia mwingine. Kabla ya kupanda aliwatazama wote kwa pamoja, ikabidi apaze sauti kidogo ili imfikie kila mtu.

"Siku ile mlipokuwa mnabomoa," alisema, "ndiyo siku pekee niliyowahi kuwaona mkipatana."

Basi likaondoka. Mawifi walirudi nyumbani kwa njia zilezile mbili, ingawa ya wifi ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali.

Juma lililofuata binti alimpigia simu mama yake. Kazi ni nzuri, joko ni kubwa, watu wanausifu mdomo wa mitungi yake na kumuuliza alijifunza wapi. Mama Gurudumu aliuliza anawajibu nini. Binti alisema anawaambia alijifunza nyumbani. Mwishoni akasema, "Msalimie sana shangazi. Usisahau, mama."

Mama Gurudumu hakusahau. Alikaa na salamu hizo siku nzima, na kesho yake pia. Alimsikia wifi akiimba ng'ambo, wimbo umepungua nguvu, unakatika katikati na kuanza upya. Kuna furaha ya namna fulani katika kushika kitu ambacho mwenzako anakitaka na hajui unacho, na Mama Gurudumu aliinyonya polepole kama peremende. Siku ya tatu ilikuwa imeisha utamu. Alisimamisha gurudumu, akafuta mikono, akaenda hadi kwenye ukingo wa rafu zilizowatenganisha.

"Binti yangu anakusalimia," alisema, na neno *yangu* alilikandamiza vizuri.

Wifi hakuinua kichwa. Kidole chake kiliendelea kulainisha shingo ya kimtungi.

"Najua," alisema. "Alinipigia mimi kwanza."

Mama Gurudumu alirudi kwenye kigoda. Akachukua donge, akalipiga katikati ya gurudumu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akalizungusha. Ng'ambo, wimbo ulianza tena, na safari hii haukukatika.